Muulize Munganga

Mukabutera hakuwahi kuvuta sigara. Alikuwa mjane kutoka milima ya Kivu Kusini, akifanya kazi ya kuogesha wazee huko Louisville, Marekani, na kikohozi chake alikidhania cha baridi mpaka siku alipotema damu. Mwaka 2014 alipasuliwa, sehemu ya pafu la kulia ikaondolewa. Daktari akamwambia, kupitia mkalimani wa simu, kwamba saratani imetoka yote. Kanisa zima lilimwimbia. Akarudi kazini kabla kidonda hakijaacha kumvuta.

Mwaka uliofuata alihamia Buffalo kwa binti yake Uwase, mtaa wa Lower West Side, amsaidie kulea. Huko sauti ikaanza kumkauka. Picha zilionyesha saratani imejaa kwenye tezi za katikati ya kifua. Daktari mpya, mwanamke asiyezunguka katika maneno, alikuwa amezungumza na wenzake wa Louisville.

"Saratani ya pafu mara nyingi hupitia kwenye tezi hizo," alisema, Uwase akitafsiri. "Wakati wa upasuaji hutolewa zikapimwa, ijulikane imefika wapi. Kwako ilitolewa moja tu."

"Bangetosha zote, ningepona?" Mukabutera aliuliza, yaani kama wangezitoa.

"Siwezi kukuapia. Lakini huenda tungeiona mapema, ukapewa dawa mapema."

Uwase alitafsiri nusu tu. Mama yake alikuwa ameshaelewa. Wakarudi kwa miguu kupitia Grant Street. Mukabutera aliingia dukani kununua sombe, majani ya muhogo, akasimama mbele ya friji, akatoka mikono mitupu.

Baada ya Krismasi, Ngarambe, mdogo wa marehemu mumewe, alipiga simu kutoka Columbus, alikofanya kazi kwenye ghala upande wa Hilliard. Naye alikuwa amekutwa na uvimbe kwenye pafu. Angepasuliwa wiki ile ile.

"Shemeji, muulize munganga kama atatosha na matezi," Mukabutera akamwambia.

"Bon, mimi nimufundishe munganga kazi yake?"

"Usimufundishe. Muulize. Mimi sikuuliza, donc sauti yangu unaisikia vile iko."

Ngarambe aliuliza, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Daktari hakukasirika. Alimchorea kifua, akamwonyesha kila mahali ambapo angetoa tezi. Zilipopimwa, baadhi zilikutwa na saratani. Alipopata nguvu kidogo akaanzishiwa dawa za saratani za kupitishwa mshipani, na kila alipotapika aliilaani siku aliyouliza swali lile.

Mwishoni Mukabutera hakuweza tena kulala chali. Alikaa ameuinamia mto, akihema kama mtu aliyepanda mlima, Uwase akimfuta jasho shingoni. Alifariki Agosti 2016, mchana, chai yake ikiwa haijaguswa.

Ngarambe alikuja kwa basi kutoka Columbus, kichwa hakina unywele, koti likimpwaya. Walipomwita kubeba jeneza alilishika, akashindwa, akasogea pembeni kuvuta pumzi. Uwase akamfuata.

"Baba mdogo, wewe munganga anasemaje?"

"Anasema tungoje," akajibu. "Ile ya mbele, kama itarudi, bado hajui."