Bi Mtungi na Fahali wa Baba Mkwe

Kwanza tuelewane: mkono wa yule mwanamke haukuwa na laana yoyote. Ulikuwa na glavu, basi. Glavu ndefu ya plastiki inayofika begani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija badala ya dume. Aliisomea, akafaulu, akapewa pikipiki na mtungi wa baridi kali. Ndani ya mtungi mbegu za madume ya mbali, mengine yamekwisha kufa zamani, zililala zimeganda. Ukifunguliwa, unafuka moshi mweupe. Watu walihitaji nini tena? Wakamwita Bi Mtungi, na wenye midomo mirefu wakasema anafuga jini.

Yeye hakununa. Akipita dukani wakimuuliza, "Bi Mtungi, leo umemuoza nani?" hujibu bila kuzima pikipiki, "Ng'ombe wa jirani yako. Wewe bado natafuta atakayekubali." Wanacheka, naye anacheka, na haipiti wiki wale wale wanampigia simu: njoo mama, ng'ombe wangu anahangaika.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumpigia, naye waliishi ua mmoja: baba mkwe wake. Mzee huyo alikuwa na fahali mweusi, shingo kama gogo, aliyekodiwa na mtaa mzima tangu Bi Mtungi hajaolewa. Sasa ng'ombe waliopandwa na fahali huyo wakaanza kutupa mimba, leo wa huyu, kesho wa yule. Daktari wa mifugo akaomba kumpima damu. Mzee alimtimua kwa fimbo. "Fahali wangu haumwi," alisema. "Anaonewa kijicho!"

Kijicho gani, jamani? Mke wake mwenyewe alipatwa na homa isiyokwisha, viungo vyote vikimuuma, na hospitali walipompima damu walimwambia bila kumficha kwamba ugonjwa ule umetoka kwa ng'ombe, ameunywa kwenye maziwa yasiyochemshwa. Alikunywa dawa mpaka akapona, akanyamaza. Ng'ombe wake mkubwa, aliyemnunua kwa kushona nguo za watu, alikuwa ametupa mimba mara mbili, naye akaondolewa zizini. Akabaki na mtamba mmoja, hajaguswa na dume lolote, amepimwa akaonekana safi. Huyo ndiye aliyekuwa mali yake yote duniani.

Siku mtamba alipolia kutwa na kuwapanda ng'ombe wengine wa zizini, dalili ya kutaka dume, Mzee alitangaza kwamba jioni atamfungulia fahali. Mkewe hakubishana naye. Alikwenda jikoni, akamkuta mkaza mwanawe anaosha vyombo.

"Mwanangu, lete mtungi wako."

"Na Baba je, Mama?"

"Nimekuuliza habari za Baba?"

Bi Mtungi aliogopa, kwa nini tudanganyane? Mzee alikuwa amekwisha kuapa: siku mkono wa mwanamke huyu utakapoingia kwa ng'ombe wa zizi langu, atarudi kwao. Na kwao hapakuwa na mtu tena. Mumewe alikuwa safarini na lori, watoto wawili walikuwa ndani wanafanya kazi za shule. Lakini alimkumbuka mama mkwe alivyokuwa akitambaa kwenda chooni wakati wa homa ile, na hasira zikaushinda woga. Akaenda kuchukua glavu.

Walimfunga mtamba kwenye nguzo. Mama akaushika mkia na kuuvuta pembeni. Bi Mtungi akachomoa mrija wa mbegu kwenye moshi, akauzamisha katika bakuli la maji ya vuguvugu, akaufuta ukakauka vizuri, akaukata ncha, akautia kwenye kile chuma chembamba wanachokiita bunduki. Mkono wake wa kushoto, wenye glavu, ulikuwa umezama ndani ya mtamba mpaka kwenye kiwiko geti lilipofunguliwa. Mzee aliingia na fahali wake kambani.

"Toa mkono!"

"Shikamoo, Baba."

"Nimesema toa mkono!"

"Mbegu imeshayeyuka, Baba, haigandi tena. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge."

"Fahali wawili hawakai zizi moja!" Mzee alinguruma.

"Ni kweli kabisa. Wangu nikimaliza anarudi mtungini. Wako je?"

Mama alicheka puani, akajifanya anakohoa. Mzee aliona, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Ukimaliza, nguo zako utazikuta nje ya geti. Wewe na wanao!"

Bi Mtungi hakutoa mkono. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta mlango wa mfuko wa uzazi, mgumu kama shingo ya kuku, na mtamba naye alikuwa akirusha miguu. Akajiambia, watanifukuza kwa kazi iliyokamilika, si kwa kazi ya nusu. Akaupata, akapitisha chuma, akasukuma polepole mpaka mwisho.

"Tayari, Mama," alisema, akavua glavu. "Niite watoto?"

"Kaa hapo hapo." Mama hakuuachia mkia. Alimgeukia mumewe. "Unatoa nguo zake? Basi toa na zangu. Sanduku liko chini ya kitanda. Cherehani uibebe kwa mikono miwili, ina sindano. Mtamba nitamswaga mwenyewe."

"Wewe! U mzima kweli? Miaka yote hii hujanijibu hata siku moja!"

"Nilinyamaza, na nikaugua. Sinyamazi tena. Nenda kalete sanduku."

Mzee alimfunga fahali kwenye mti, akaingia ndani kwa kishindo. Wanawake wawili walisimama wakisikiliza. Walisikia sanduku likiburuzwa sakafuni, likisimama, likiburuzwa tena. Bi Mtungi aliushika mkono wa mama mkwe wake.

Mzee akatoka mikono mitupu. Akasimama mlangoni, akamtazama fahali, akamtazama mtamba, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

"Na mkienda," aliuliza, "mimi nani atanikamulia maziwa ya chai?"

"Mkamue fahali wako," Mama alimjibu.