Msiba wa Mkutano

Yustina, mke wa Ngassa wa kijijini kwetu, akicheka huku, nyuki wa kule kijiji cha Puge wanahama mizinga. Nimecheza naye tangu hatujaota meno, kwa hiyo msinibishie.

Mwaka juzi pampu ya maji ya kijiji ilikufa. Kuitengeneza kulihitaji mkutano wa kijiji uamue, na mkutano haukuwa umeitishwa kwa mwaka mzima. Watu walikata tamaa. Ukisema, unaitwa mchochezi. Ukinyamaza, unateka maji bondeni pamoja na ng'ombe. Yustina hakukubali. Sheria inataka mkutano kila miezi mitatu, basi kila miezi hiyo ikitimia alibeba kigoda chake, akaenda kuketi mbele ya ofisi ya mtendaji wa kijiji, peke yake.

"Mkutano lini, Bwana Mtendaji?"

"Subirini, mama. Mtatangaziwa."

Akirudi, Ngassa anamwambia, "Mama Tobias, achana na siasa. Ofisi ile ni jiwe."

"Hata jiwe la kusagia hulika, Baba Tobias. Wewe kunywa uji wako."

Alikaa hivyo mpaka kigoda kikaota mizizi, wallahi, nilikikata mwenyewe kwa panga.

Sasa, mtendaji wetu ni Mgogo, na sisi Wanyamwezi. Ni watani tangu babu zetu wakibeba pembe za ndovu kupita Ugogo kwenda pwani, na mtani akifanya vituko msibani hakasirikiwi. Yustina alipolikumbuka hilo, alicheka jikoni mpaka ugali ukaungua.

Jumamosi asubuhi alitandika mkeka mlangoni pa ofisi, akajifunga kanga kiunoni, akapiga yowe. Yowe lile lilifika Kigoma, likakuta ziwa, likarudi. Nani hukosa msiba? Wanawake walikuja na kuni na unga, wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi.

"Kafa nani?"

"Mkutano wetu! Miaka miwili haupumui!"

Watu wakaangua kicheko, halafu wakakaa. Hakuna aliyeondoka. Mtendaji akafika na pikipiki yake.

"Nyie Wanyamwezi, mmerogwa?"

"Mtani, babu zako walitulipisha nguo na shanga ndipo tunywe maji Ugogo. Leo umetufuata mpaka kwetu kutunyima? Hatuinuki mpaka umfufue marehemu!"

Alijaribu kununa. Akatazama umati, akatazama unga na kuni za matanga, midomo ikamcheza, akacheka naye.

"Haya, mtani umeniweza. Nileteeni meza."

Aliyeibeba meza kutoka ndani ni Ngassa, yule yule wa jiwe. Mkutano ukafunguliwa pale pale, akina mama mkekani.

Pampu ilipona, ikaugua tena, ikapona. Siwaambii kwamba siasa imenyooka, bado tunateleza. Lakini kila miezi mitatu ikitimia, Yustina hupita mbele ya ofisi na mkeka begani, kimya, kama anakwenda zake kuteka maji. Kabla ndoo yake haijajaa, tangazo la mkutano limekwisha kubandikwa.