Sheria za Gaston

Niliporudi Bukavu baada ya miaka mingi ya kutangatanga, nilitamani watu waone kwamba nimefika mbali. Sokoni Uvira nilikuwa nimenunua daftari chakavu lenye sheria mpya za mchezo wa vita vya askari wadogo wa mezani, limeandikwa na mtu aitwaye Gaston. Mbelgiji huyo, nikajiambia.

Jumapili nikalipeleka kwa jirani yangu, citoyen Buhendwa, yaani mwananchi, kama serikali ilivyotaka tuitane, anayechonga askari wa mti: wapiganaji wa wafalme wa kale na mazimwi.

“Utanifundisha, papa?” aliuliza kwa upole.

“Polepole. Hii iko akili ya Wazungu.”

Kila sheria niliyosoma, alisogeza askari kabla sijamaliza. Nikamkaripia asibahatishe. Tulipofika kwenye sheria ya askari wanaokwama katika mashamba ya mpunga, nilimweleza kwamba hata Ulaya mpunga upo.

Ndipo mama yake, ambaye hakuwahi kukubali amri ya serikali ya kuacha majina ya ubatizo, akaita kutoka jikoni: “Gaston, mutoto wangu, kuya kula! Na mugeni wako akuye!”

Niligeuza daftari, nikalisoma tena jina la mwandishi. Buhendwa hakucheka.

“Soma ile ya mwisho, papa,” alisema. “Ile nilishaisahau.”