Unga Uliogeuka Puluu

Ulimi wangu haujawahi kuelewana na herufi B. Nyumbani tunaongea Kipsigis, na nikiharakisha Kiswahili, B inatoka P. Kuna msichana wa darasa letu aliyelelewa Nairobi, ananiita Puluu tangu siku niliposoma "anga la buluu" kwa sauti. Basi nikajifunza kunyamaza.

Sasa mwalimu wa kemia akanichagua mimi niwaonyeshe wazazi jaribio la maji Siku ya Wazazi. Jaribio lenyewe nalijua sana. Unachoma chumvi ya kopa salfeti mpaka maji yake yaishe, inabaki unga mweupe. Halafu unatia tone la kile unachopima. Unga ukirudia rangi yake ya kwanza, ile ya anga, kuna maji. Shida ni kuitaja hiyo rangi mbele ya watu.

Asubuhi nilichoma unga, nikauacha kwenye kisahani kando ya dirisha, nikaenda kupanga viti. Mtu amezaliwa hapa Roret, kwenye milima ya chai, na anasahau ukungu! Wazazi walipoingia maabara, unga ulikuwa umeshaanza kubadilika wenyewe.

"Haiya, Puluu, umemaliza kabla ya kuanza!" yule msichana akacheka.

Ningeweza kukaa chini, na nilitaka. Lakini mama alikuwa kiti cha mbele, ametoka moja kwa moja kuchuna majani chai, vidole bado vyeusi. Nikawasha moto tena.

"Samahani wazazi," nikasema kwa kasauti kadogo. "Ukungu wetu umenitangulia. Huu unga umekunywa maji ya hewa. Ngojeni niyafukuze."

Wakacheka, lakini cheko la kunisukuma mbele. Nikachoma polepole hadi unga ukawa mweupe kabisa, nikauacha upoe, nikamwita mama atie maji.

"Nitie wapi sasa?"

"Hapo katikati, mama. Tone moja tu."

Akatia. Akaruka nyuma kidogo. "Woi! Imekuwa puluu!"

"Puluu kabisa!" akina mama wa mbele wakaitikia.

Kumbe hiyo P ni ya mama, na ya mamake mama.

"Ndiyo," nikasema, na hadi mlangoni walisikia. "Imekuwa puluu. Kwa hivyo hayo ni maji."

Yule msichana alipiga makofi pamoja na wengine. Mimi nilikuwa namwangalia mama, ambaye alikuwa anamwambia jirani yake, "Huyo ni wangu."