Sahani Zilizorudi Jikoni

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye zahanati moja ya Mpumudde, hapa Jinja, nimekwenda kuona kama manesi wanatumia programu ya simu niliyowaandikia ya kusajili watoto wa kliniki. Wakubwa wangu kazini walishasema: wasipoitumia, inafutwa. Nesi wa zamu alinipokea kwa tabasamu pana. "Hii kitu ni nzuri sana, dada. Imetusaidia kabisa." Kichwa kikanivimba, mpaka nilipoona daftari chini ya kitambaa cha meza, limejaa uzito wa watoto wote wa asubuhi ile. Badala ya kukasirika, ndugu yangu, nilicheka peke yangu, maana papo hapo kimawazo nilirudi Nakaloke, kwa bibi.

Bibi yangu alikuwa mpishi wa harusi. Waislamu wakioana, kuanzia Nakaloke hadi Mbale mjini, sufuria kubwa ilikuwa mkononi mwake, na likizo ikifika sisi wajukuu ndio tulikuwa waosha vyombo. Tulisugua kwa majivu na sabuni ya mche, tukiimba ovyo, nguo zikinuka moshi na bizari. Mvua ikikatika tuliona maji yakiporomoka mlima Wanale, meupe kabisa. Nilizipenda siku zile kuliko hata Idi.

Sharti lilikuwa moja: sahani haioshwi kabla bibi hajaiona. "Usiuliza watu," alituambia. "Watasema tamu tu, wana adabu. Wewe letea mimi sahani."

Safari moja wenye harusi walitaka nyama ikatwe mapande makubwa, ionekane. Wageni wakasifu mno. Lakini sahani za akina mama wazee zilirudi na nyama yao, imeng'atwang'atwa pembeni tu. Bibi akaweka mwiko chini, akaenda kuketi nao mkekani, akala nao bila kuuliza kitu. Aliporudi aliamuru nyama yote iliyobaki ikatwe vipande vidogo, wenye harusi watake wasitake. Sahani za awamu ya pili zilirudi tupu, naye akatamba jikoni kana kwamba ndiye aliyeolewa.

Kwa hiyo pale zahanati nami sikuuliza. Nilivuta kiti nikakaa kando ya nesi hadi adhuhuri. Mtoto akiwekwa kwenye mizani analia na kurusha miguu, uzito lazima uandikwe hapo hapo. Programu yangu ilikuwa ikidai kwanza jina, kijiji na namba ya simu ya mama! Niliuleta uzito mbele. Baada ya wiki mbili nilirudi bila taarifa nikakuta nesi anabonyeza simu tu, na daftari halipo. Ndipo nilipowaomba wakubwa waniondoe kwenye kuandika programu, kazi yangu iwe kukaa na watumiaji na kubuni kinachowafaa. Walikubali, na sijawahi kuipenda kazi hivi.

Ningependa sana kumsimulia bibi, lakini hayupo. Siku hizi hata harusini watu wanakula kwenye vyombo vya kutupa. Mwaka wake wa mwisho alikaa nami hapa Jinja. Kila siku baada ya chakula nilimwuliza kama ameshiba, macho yangu yakiwa kwenye kompyuta, naye alijibu ameshiba, ahsante mjukuu wangu. Nilichukua sahani yake nikaiosha. Sikuiangalia hata mara moja.