Vitambaa Viwili Asubuhi ya Harusi Yangu

(Msomaji wetu wa Kindu ameomba jina lake lisitajwe. Majina mengine ameyabadili yeye mwenyewe.)

Nawasalimu nyote mnaosoma ukurasa huu. Nina umri wa miaka arobaini na minane, ninaishi Alunguli, sina mume wala mtoto wa kumzaa, na ninafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari. Nimemlea binti wa marehemu kaka yangu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, nitamwita Mwamini. Amepata mchumba. Jumapili hii wazee wa mchumba wanavuka mto kuja kusikia neno langu, na neno wanalolitaka ni uongo.

Wakati wa vita nilikuwa msichana, nimeposwa na kijana wa Mikelenge, ng'ambo ya mto, nitakayemwita Saidi. Treni zilikuwa zimekoma kuja, chumvi ilikuwa adimu kuliko nyama, na ili tule ilitubidi kulima mbali. Siku moja watu wenye bunduki walitokea shambani. Wanawake walitawanyika, baadhi ya wasichana walishikwa wakapelekwa porini. Mimi sikushikwa. Nilikuwa na nyanya yangu, ambaye hakuweza kukimbia. Nilimvuta hadi kwenye kichaka cha mianzi, na humo tulikaa mpaka homa ikamwua. Nilimzika kwa jembe lake mwenyewe.

Hilo ndilo lililoniangamiza: nilirudi nyumbani peke yangu, baada ya wengine wote waliokimbia, na shahidi wangu alikuwa chini ya udongo. Mama yangu alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akauliza, "Walikufanya nini?"

"Hawakunifanya kitu, mama."

"Sawa," akasema. Haikuwa sawa ya mtu aliyesadiki.

Katika familia zetu za Kiislamu za zamani, bibi harusi hutandikiwa kitambaa cheupe, na asubuhi wanawake wazee wa upande wa mume hukitoa nje uani ili damu ionekane. Mimi sikuwa na hofu. Asubuhi baada ya harusi yangu kitambaa kilikuwa na damu yangu, na Saidi alikiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kumbe mama, kwa kunipenda na kwa kutonisadiki, alikuwa amechinja kuku na kupaka damu kitambaa cha pili, akakificha chini ya godoro, endapo changu kingetoka safi. Hakuniambia. Shangazi yake Saidi, nitakayemwita Mama Zaituni, aliinua godoro.

Alitokea uani ameshika kitambaa kimoja kila mkono. Wanawake walikuwa wakikaanga samaki. "Wamama, mukuje muone maajabu!" akapaza sauti. "Bibi arusi wetu iko na bikira mbili! Mutuchagulie: gani ya kuku, gani ya muntu?"

"Munuse!" mmoja akajibu. Walicheka hadi mwingine akashika nguzo asianguke. Kisha wakanusa kweli.

Mama alipiga magoti, akaapa kwamba kile kilichofichwa ndicho cha kuku. Aliyekwisha kudanganya, nani amsadiki akiapa? Nikamgeukia Saidi. Alikuwa chumbani nami, alijua. Akasema, "Mambo ya wanawake mimi siyajui," akaenda kutawadha. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepewa talaka. Tangu siku hiyo, sokoni jina langu ni Bikira Mbili. Wanafunzi wangu wameliandika ubaoni, nami nimelifuta na kuendelea na somo.

Katika riwaya za kale ninazofundisha, msichana husingiziwa, huvumilia, na kabla ya ukurasa wa mwisho aliyemsingizia hutubu hadharani. Wanafunzi hupenda mwisho huo. Na msichana aliyeharibiwa kweli hufa mapema, ili asimsumbue msomaji. Huku hawakufa. Wale walioshikwa siku ile nakutana nao kivukoni, wamebeba mihogo yao, na hawana kosa kunizidi mimi.

Mchumba wa Mwamini ni mwana wa Saidi. Sikumchagua, walipendana chuoni. Mama Zaituni, ambaye sasa anatembelea fimbo, alikuja kwangu pamoja na Saidi. Alikula chakula changu akamaliza, ndipo akasema, "Mwalimu, sisi hatuna roho mubaya. Lakini tukioa hapa bila neno, watu watasema tulikuonea. Sema mbele ya wazee: njo vile, ni kweli, walinishika, na mama alificha. Tutakusamehe, arusi ifanyike."

"Na kama sikushikwa?"

"Basi wenye makosa ni sisi. Haiwezekani."

Nikamtazama Saidi. "Wewe ulikiona."

Alizungusha kofia yake mkononi. "Mwalimu, ni zamani. Tufikirie watoto."

Walipoondoka nilidhani Mwamini atalia kwa ajili yangu. Alikuwa akikusanya sahani. "Shangazi, sema tu ndiyo."

"Niseme uongo?"

"Watu wote wanajua vile tayari. Wewe uko muzee, mwanaume hakuna mwenye anakungoja. Itakupunguzia nini?"

Nikamwambia ukweli una siku yake. Akacheka. "Hiyo njo ya mu roman, mu vitabu vyako, shangazi. Mimi niko na mimba ya miezi tatu."

Nikauliza kama Mama Zaituni anajua.

"Anajua. Alisema mambo ya kitambaa siku hizi hawaangalie tena."

Tangu hapo ananiwekea chakula mezani bila salamu. Nikikubali, mtoto wake atazaliwa ndani ya ndoa, na mimi nitazikwa na aibu niliyoitamka kwa kinywa changu. Nikikataa, atazaa hapa nyumbani, na kila atakapomnyonyesha ataniangalia. Msiniambie nisamehe, wala msiniambie Mungu anajua. Hayo nimeambiwa ya kutosha. Jumapili wataniuliza mbele ya watu, naye Saidi atakuwa ameketi pale. Nishaurini, ndugu zangu: nijibu nini?