Seva ya Sauti za Naliaka

Wamalwa wa mtaa wa Kamenu ni fundi wa simu, na ni mtu wa kuota macho wazi. Mteja humwachia simu iliyoingia maji, akirudi baada ya saa nzima anamkuta bado ameishika, akitazama manyunyu ya Julai yakitua kwenye mabati ya jirani. Watu wamemzoea. Kazi yake ni safi, ila haraka ndiyo hana.

Jumapili hiyo alitoka kanisani akapitiliza hadi kwenye kibanda chake cha kazi. Mezani palikuwa na simu ya marehemu mkewe, Naliaka, na ndani yake jumbe arobaini na moja za sauti. Hazikuwa na jambo kubwa. Naliaka anauliza kama nguo zimeanuliwa. Naliaka anacheka mpaka anasahau alichotaka kusema. Wamalwa alizipenda kupita kiasi, na hakuona aibu.

Binti yao, Mitchell, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba mtaa wa Kahawa Sukari, hakuwa amesikia hata moja. Kosa lilikuwa la baba. Naliaka alipolazwa, Wamalwa alimpiga picha kitandani akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili wamwombee, kama wafanyavyo watu wa kwao wote. Kufika jioni picha ilikuwa imezunguka, na Mitchell akaiona kwenye simu ya mwanafunzi asiyemjua. Alimwambia babake asiweke tena kitu cha mama mahali popote. Huu ni mwaka wa pili, na wakipigiana simu huulizana afya tu, basi.

Ndipo Wamalwa akaota seva. Alijifunza polepole, kwa kidole kimoja, jinsi simu ile ile ya Naliaka inavyoweza kupokea wageni kutoka mbali, sauti zikae humo humo zisikabidhiwe kampuni yoyote. Githae, mwenye nyumba, alimruhusu kupitisha njia kwenye rauta yake ya intaneti. Wamalwa akafunga milango yote isipokuwa mmoja, huo nao akautilia nenosiri, na cheti cha kuficha mazungumzo ili mdukuzi wa njiani asisikie. Kila amri ilipokubali, alimwona Naliaka mawazoni akipita chumba hadi chumba, akirudishia madirisha taratibu. Alitaka binti yake amwamini tena, hilo tu.

Saa tisa alasiri, Jumapili hiyo, alimtumia Mitchell anwani na nenosiri. Haukupita muda, simu yake ikalia.

"Baba, inaniambia nisiingie," Mitchell alisema. "Eti mwenye amesign hii cheti hajulikani."

Wamalwa alikuwa amekitilia cheti sahihi yeye mwenyewe, akasahau kwamba simu za watu hazimtambui. Na ni yeye aliyemfundisha mtoto huyu, tangu simu yake ya kwanza, kwamba onyo la namna hiyo halipuuzwi.

"Ni mimi nilisign, mama," alisema. "Sina mwingine wa kunidhamini."

"Sasa nitajuaje ni wewe?"

Wamalwa akamwelekeza afungue maelezo ya cheti, atafute safu ndefu ya herufi na tarakimu. Kama ni ile ile iliyo kwenye seva, basi hakuna aliyejipenyeza katikati. Akaanza kumsomea mbilimbili, naye Mitchell akirudia. A nne. Saba F. Jozi thelathini na mbili. Mwanzoni sauti zao ziligongana, kisha zikapata mwendo mmoja, na Wamalwa akatamani cheti kingekuwa kirefu zaidi.

Jozi ya mwisho ililingana. Kwenye seva ukatokea mstari: mgeni ameingia, ameomba ujumbe wa kwanza. Mara, sikioni mwake, kutoka Kahawa Sukari, Naliaka akaanza kucheka.

Mstari wa pili ukatokea, ujumbe ule ule. Wa tatu, ule ule.

"Baba," Mitchell alisema, pua imemjaa, "usikate. Tusikize zote."